Kidonda Kimefunga, Je, Unyayo Umepimwa?

Mama yule nilimkata kidole gumba cha mguu wa kulia, na hata leo nikiirejea hali yake ya siku ile sioni kama ningeweza kutenda vinginevyo. Alikuwa na umri wa miaka 58, kisukari cha zaidi ya miaka kumi, ganzi katika miguu yote miwili, na usaha uliokwisha kuingia mfupani. Jeraha la upasuaji lilifunga bila tatizo. Nyuzi zilitolewa katika wiki ya tatu, na katika wiki ya saba niliandika kwenye faili lake neno ambalo sisi madaktari wa upasuaji tunalipenda kupita kiasi: amepona.

Miezi minane baadaye alirudi, mguu uleule umefungwa kwa kipande cha kanga. Chini ya kidole cha pili, mahali ambapo siku ya upasuaji hapakuwa na dosari yoyote, palikuwa na kidonda cha mviringo kilichozungukwa na sugu, na kijiti cha kupimia kina kilipoingizwa kiligusa mfupa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwanangu daktari, uliondoa kibovu. Mbona sasa kinaoza kilichokuwa kizima?"

Sikuwa na jibu la kumpa papo hapo, ingawa jibu lilikuwapo. Kidole gumba kilikuwa kinabeba mzigo. Nilipokiondoa, mzigo ule haukuondoka pamoja nacho, bali ulihamia kwa jirani yake, nami sikuuliza umehamia wapi wala kwa kiasi gani. Nilitazama jeraha, nikatazama picha ya eksirei, nikaridhika. Unyayo wenyewe, mahali ambapo mwili unakutana na ardhi maelfu ya mara kwa siku, sikuupima hata mara moja.

Makala haya yanatetea rai moja. Upasuaji wowote wa sehemu ya mbele ya unyayo, uwe wa kunyoosha gumba lililopinda, wa kukata kidole kilichooza au wa kuondoa mifupa iliyoharibiwa na baridi yabisi, usihesabiwe kuwa umefaulu mpaka shinikizo chini ya unyayo limepimwa baada yake na, inapowezekana, kabla yake. Liwe limepimwa kwa mtambo wa kielektroniki au kwa wino na karatasi, hilo ni suala la pili, nami nitalifikia.

Kwanza tukumbushane shinikizo ni nini. Vitabu vya fizikia vya sekondari huliita kanieneo, nalo ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo inaloliangukia. Chukulia mtu mwenye uzito wa kilo 60. Anapotembea, kisigino cha mguu uliobaki ardhini kinapoinuka, sehemu ya mbele ya unyayo peke yake hubeba takriban nyutoni 600. Nguvu hiyo ikitandazwa juu ya sentimita za mraba 30, wastani wa shinikizo ni kilopaskali 200. Eneo likipungua hadi sentimita za mraba 20, shinikizo linapanda hadi kilopaskali 300, ilhali mgonjwa hajanenepa hata gramu moja. Na huo ni wastani tu, kwa maana chini ya ncha moja ya mfupa iliyojitokeza shinikizo laweza kuwa kubwa mara kadhaa.

Sehemu hiyo ya mbele ina mifupa mitano mirefu ambayo ncha zake za mbele, tunazoziita vichwa, ndizo zinazokanyaga ardhi nyuma kidogo ya vidole. Mmarekani Dudley Morton, katika kitabu chake cha mwaka 1935, alifundisha kwamba mzigo wa mbele hugawanyika mafungu sita: mawili kwa kichwa cha mfupa wa gumba, kinachokaa juu ya vijifupa viwili vidogo kama punje, na fungu moja moja kwa kila kichwa kati ya vinne vilivyosalia. Ni hesabu nzuri ya kufundishia. Vyombo vya kisasa vimeonyesha kuwa mtu anapotembea mambo hayagawanyiki kwa unadhifu huo, na katika watu wengi wenye miguu mizima shinikizo la juu kabisa huwa chini ya kichwa cha pili au cha tatu. Ndiyo kusema kwamba jirani wa gumba huwa amekwisha kulemewa kabla mkono wa daktari haujagusa kitu.

Sasa zitazame pasua zetu kwa jicho hilo. Tunaponyoosha gumba lililopinda, tunakata mfupa wake na kuusogeza. Mfupa huo ukifupika kidogo, au ukiungana ukiwa umeinuka milimita chache, picha ya eksirei inayopigwa kutoka juu itaonyesha gumba lililonyooka kwa kupendeza, huku kichwa cha pili kikianza kubeba mzigo usio wake. Mgonjwa anarudi baada ya mwaka akilalamika kwamba anahisi kama anakanyaga kokoto. Upasuaji wa zamani uliopewa jina la Keller, aliyeueleza mwaka 1904, huondoa kipande cha shina la kidole gumba. Maumivu ya kiungo hupungua, lakini kidole hupoteza nguvu ya kusukuma ardhi. Mwaka 1954 Mwingereza J. H. Hicks alieleza jinsi utando mgumu wa chini ya unyayo unavyokazwa kila gumba linapokunjwa juu, mfano wa kamba inayozungushwa kwenye roda, na kuliinua tao la mguu. Ukiondoa shina la kidole, umelegeza kamba hiyo. Kinyume chake, kukiunganisha kiungo cha gumba kiwe kigumu, jambo ambalo wagonjwa wengi huliogopa wakilisikia, mara nyingi hurudisha mzigo upande wa gumba unakostahili kuwa.

Kwa wagonjwa wa baridi yabisi hali ni tofauti. Vichwa vya katikati huwa vimeshuka na kuchoma ngozi kutoka ndani, na kuviondoa huleta nafuu kubwa. Lakini kisipokatwa kwa mstari mmoja na wenzake, kimoja kitakachobaki kirefu kitabeba adhabu ya wote.

Ushahidi wa kisayansi ulionigusa zaidi hautokani na mifupa ya mbele hata kidogo, bali na kano ya kisigino. Kwa wagonjwa wengi wa kisukari kano hiyo hukakamaa, kifundo kikashindwa kukunjika juu vya kutosha, na sehemu ya mbele ya unyayo ikakandamizwa mapema mno na kwa muda mrefu mno katika kila hatua. Mwaka 2003 Michael Mueller na wenzake wa St. Louis, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 64 wenye vidonda chini ya sehemu ya mbele ya unyayo. Nusu walifungwa hogo linalokumbatia mguu wote, na nusu nyingine walifungwa hogo hilohilo baada ya kurefushiwa kano ya kisigino. Wengi katika makundi yote mawili walipona. Tofauti ilijitokeza baadaye. Baada ya miaka miwili, vidonda vilikuwa vimerudi kwa asilimia 81 ya wale wa hogo pekee, na kwa asilimia 38 ya wale waliorefushiwa kano. Kidonda kinachofunga bila shinikizo kubadilika kimeahirishwa tu. Tusisahau pia upande wa pili wa sarafu hiyo: baadhi ya waliorefushiwa kano walipata vidonda vya kisigino, kwa sababu mzigo ulioondolewa mbele ulikwenda nyuma. Kila tunapokata, tunahamisha. Ndiyo maana ni lazima kupima.

Kupima nako kuna mitego yake, na hapa ningependa wenzangu wanisikilize kwa makini, kwani namba mbovu ni hatari kuliko kukosa namba.

Mtego wa kwanza ni wakati. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa gumba hutembea kwa woga. Kwa wiki nyingi hukanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu, akilinda mahali palipokatwa. Ukimpima katika wiki ya sita utapata shinikizo dogo sana chini ya gumba, nawe utadhani upasuaji umeliua, kumbe ni woga tu. Au utapata shinikizo dogo chini ya kichwa cha pili ukajipongeza, kumbe mgonjwa hajaanza kukanyaga sawasawa. Kundi la Vienna, Austria, lilionyesha mwaka 2009 kwamba wagonjwa 30 waliopewa mazoezi tiba baada ya upasuaji wa gumba lililopinda waliongeza mzigo wanaoupitisha kwenye gumba kufikia mwezi wa sita. Utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hauwezi kuthibitisha kwamba ni mazoezi yenyewe yaliyoleta mabadiliko, lakini unatosha kutuambia kwamba kipimo cha wiki ya sita si neno la mwisho. Mimi hupima kabla ya upasuaji, kisha mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili.

Mtego wa pili ni mwendo. Mtu akitembea haraka, shinikizo hupanda. Ukimpima kabla ya upasuaji akiwa anachechemea kwa maumivu, kisha ukampima baada ya miezi sita akitembea kwa furaha, huenda namba zikaongezeka ilhali hali yake imekuwa bora. Andika basi muda aliotumia kutembea umbali uleule. Hatua moja nayo haitoshi, kwani watu hubadili hatua wanapoona wanatazamwa. Chukua angalau tatu kwa kila mguu. Wala usilinganishe kipimo cha mguu mtupu na kipimo cha ndani ya kiatu kana kwamba ni kitu kimoja.

Kisha kuna mgonjwa wa dharura, aliyeletwa usiku na kidole kilichooza na homa. Huyo hatupimi kwanza, tunaokoa maisha. Wala mwenye kidonda kilicho wazi asitembezwe miguu mitupu juu ya chombo chochote kwa ajili ya namba. Tunasubiri kipone, na mguu wa pili hutupa kielelezo cha kulinganishia, ingawa nao mara nyingi si mzima.

Mwenzangu mmoja ninayemheshimu huniambia kwamba shinikizo si maumivu. Kwamba amewaona wagonjwa wenye shinikizo kubwa wasiolalamika, na wenye shinikizo la kawaida wanaolia. Anasema kweli. Kwa mtu mwenye hisia kamili, swali la kwanza linabaki kuwa "unaumwa wapi?", na namba huja kulisaidia jibu hilo, si kulifuta. Lakini mgonjwa wangu wa kanga hakuwa na maumivu ya kutuambia. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyewatibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, na baadaye Carville, Louisiana, ndiye aliyetufundisha kwamba mguu usio na hisia mara nyingi hauharibiwi na ajali moja kubwa. Huharibiwa na shinikizo la wastani linalorudiwa maelfu ya mara mahali palepale, ambalo mtu mwenye hisia angelikwepa kwa kubadili hatua bila hata kujua. Kwa mgonjwa wa namna hiyo kipimo kinasimama mahali pa maumivu aliyoyapoteza. Nikiambiwa nichague nani apimwe kwanza, nitamchagua yeye asiyehisi uzi wa nailoni wa gramu 10, hata kama yule wa gumba lililopinda ndiye anayelipa.

Linabaki suala la vifaa. Majukwaa ya kielektroniki na soli zenye vihisio ni ghali, na huhitaji kusawazishwa mara kwa mara na mtu aliyefundishwa. Nimewahi kuonyeshwa mtambo wa namna hiyo katika hospitali moja, umefunikwa kitambaa cha meza chenye maua, leseni ya programu yake imekwisha na aliyefundishwa kuutumia amehamishwa. Sisemi tusiwe nao. Vituo vinavyofundisha madaktari bingwa vinauhitaji, angalau ili utafiti wetu utokane na miguu ya watu wetu. Lakini anayesubiri mtambo ndipo aanze kupima atasubiri huku anakata.

Mwaka 1947 Wakanada R. I. Harris na T. Beath walichapisha uchunguzi wao wa miguu ya askari wa nchi yao. Chombo chao kilikuwa mkeka wa mpira wenye mistari iliyoinuka kwa vimo vitatu. Mkeka hupakwa wino, karatasi hulazwa juu yake, na mtu hukanyaga akipita. Penye shinikizo dogo wino huchapa mistari mirefu tu. Penye shinikizo kubwa hata mistari mifupi hugusa karatasi, na alama huwa nyeusi tii. Mkeka huo hautoi kilopaskali, na mahali palipokwisha kuwa peusi kabisa hauwezi kukuambia ni peusi kiasi gani. Lakini muuguzi hujifunza kuutumia kwa asubuhi moja, hauhitaji umeme, na karatasi mbili za mtu mmoja, ya kabla na ya baada, zikiwekwa kando kwa kando, humfanya hata mgonjwa mwenyewe aone mzigo wake ulikohamia. Mafundi sanifu wa viungo bandia, wale wanaofundishwa TATCOT kule Moshi tangu mwaka 1981, wanajua vizuri namna ya kuigeuza alama ya wino kuwa soli ya ndani yenye shimo mahali panapostahili. Tuwaite mapema, si baada ya kidonda.

Na mahali ambapo hata mkeka haupo, kama zahanati, pana sugu. Sugu ni alama ya shinikizo iliyochorwa na ngozi yenyewe. Sugu mpya baada ya upasuaji, mahali ambapo haikuwapo, ni taarifa kamili kwamba mzigo umehama, na doa jekundu au jeusi ndani yake ni kidonda kilichoanza. Sugu yenyewe huongeza shinikizo. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walipima kabla na baada ya kuiparua kwa wagonjwa wa kisukari, wakakuta shinikizo la juu limeshuka kwa asilimia 26. Ni kazi ya dakika chache kwa muuguzi aliyefundishwa, mwenye kisu safi. Si kazi ya wembe wa nyumbani. Mafunzo ya utunzaji wa miguu ambayo Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliyaanzisha nchini miaka ya mwanzo ya 2000 yalijengwa juu ya mambo kama haya, yasiyohitaji mtambo.

Nawe msomaji ambaye umefanyiwa upasuaji wa mguu, au unatarajia kufanyiwa, una haki ya kumuuliza daktari wako: mzigo uliokuwa hapa utakwenda wapi, na tutajuaje? Swali hilo si utovu wa adabu. Kisha kagua unyayo wako kila jioni, kwa kioo au kwa macho ya mwanao, na zaidi ya yote mahali jirani na palipokatwa.

Suala la viatu linanilazimu kusema jambo kuhusu desturi yetu. Kikundi Kazi cha Kimataifa cha Mguu wa Kisukari kinashauri kwamba aliyewahi kupona kidonda cha unyayo avae kiatu kilichothibitishwa kwa kipimo kwamba kinapunguza shinikizo walau kwa asilimia 30, au kulishusha chini ya kilopaskali 200. Sicco Bus na wenzake nchini Uholanzi waliwafuatilia wagonjwa 171 kwa miezi 18, baadhi wakiwa na viatu vilivyorekebishwa kwa kufuata vipimo na wengine viatu vya kawaida vya kushonewa. Kwa jumla tofauti haikuwa kubwa ya kutegemewa. Lakini miongoni mwa walioivaa jozi yao katika hatua nane au zaidi kati ya kila kumi, vidonda vilirudi kwa asilimia 26 ya wenye viatu vilivyorekebishwa, dhidi ya asilimia 48 ya wengine. Na mahali wagonjwa hao walipovivua zaidi palikuwa nyumbani kwao. Ikiwa ndivyo kwa Mholanzi, itakuwaje kwetu sisi ambao kiatu huachwa mlangoni kwa heshima ya nyumba, na hatua nyingi za siku, za jikoni, uani na msalani, hupigwa kwa miguu mitupu juu ya saruji au kwa kandambili iliyokwisha soli? Sishauri tuiache heshima hiyo. Nashauri mgonjwa awe na jozi ya pili, yenye soli ileile iliyokatwa kwa kipimo chake, isiyotoka nje ya kizingiti. Fundi akiagizwa moja, aagizwe mbili.

Yule mama hatukumkata tena. Tulisafisha kidonda na mfupa, tukampa dawa kwa wiki kadhaa, mwenzangu akamrefusha kano ya kisigino, akafungwa hogo, na kidonda kikafunga. Safari hii sikuandika kwamba amepona. Nilimpitisha juu ya mkeka. Karatasi yake ya kwanza ina doa jeusi kama lami chini ya kidole cha pili. Ya pili, ya miezi mitatu baadaye, doa hilo limepungua weusi, lakini alama ya kisigino imekoza kuliko nilivyopenda, na sasa tunakikagua kila anapokuja. Atapimwa tena mwezi ujao. Ameomba apewe nakala ya karatasi hizo, kwa sababu fundi viatu wa mtaani kwao amekataa kutoboa soli ya makobazi mapya mpaka aone kwa macho yake mahali penyewe.